Deni la chumvi kwenye kilalo cha Lufira

Kama wewe ni mwana Likasi na umepita chuo kikuu, bila shaka umeshaulizwa swali hili. Unasema unatoka Likasi, mtu anafikiri kidogo, kisha anasema: «Jadotville! Ile ya filamu?» Miye waliniuliza kule Lubumbashi, nikiwa mwaka wa kwanza wa agronomia, kwenye foleni ya fotokopi. Nikajibu ndiyo, ni kwetu kabisa. Nikaanza kuwaeleza vita ya 1961: askari wa Ayalandi, majandarme wa Katanga, ile ndege iliyokuwa inawamiminia risasi kutoka juu. Nilieleza vizuri, hata wengine wakasahau foleni. Lakini yote niliyosema nilikuwa nimeyatoa katika filamu ileile waliyoiona wao, iliyotoka 2016, na ambayo hata haikutengenezwa kwetu. Waliitengeneza Afrika Kusini. Wakati huo nyumbani kulikuwa na mtu aliyekuwa na miaka 12 siku za vita hiyo. Analala chumba cha nyuma, karibu na jiko. Sikuwa nimemuuliza hata siku moja.

Mtu huyo ni nkambo wangu, baba ya mama. Mwezi wa nane, watoto wakiwa kwenye vakansi, alisema anataka kuwapeleka wajukuu Lufira. Tukafikiri amechanganya, labda anataka kusema Lubumbashi. Hapana. Lufira, pale kwenye kilalo. (Kwa wale wanaotusoma kutoka mbali: kilalo njo daraja.) Miye, mkubwa wa wajukuu, niliye na lisanse na ambaye kazi bado naitafuta, nilipewa shughuli mbili: kupanga safari na kununua kilo tano za chumvi.

— Nkambo, chumvi ya nini? Si tunaenda kutembea tu?
— We nunua. Tutaongea kule.

Tuliondoka asubuhi, watu sita: nkambo, miye, binamu yangu wa miaka 14, mapacha wa miaka 10, na kadogo wa miaka sita. Mama alitufungia mikate, mayai ya kuchemsha, kandolo, na bido ya munkoyo. Tulipanda bisi ya Lubumbashi na kumwomba shofa atuteremshe Lufira. Yeye naye alishangaa. Kila siku anavuka mto ule mara mbili, lakini abiria wa kushukia pale na watoto wanne hakuwa amezoea.

Ile barabara mnaijua. Toka Likasi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120, na sehemu kubwa ya safari unamezwa na vumbi na moshi wa makamyo. Mapacha walianza kuhesabu makamyo ya shaba. Walipofika 40 wakagombana juu ya moja, mwenzake anasema lilikuwa limebeba asidi, si shaba. Kadogo akauliza shaba yote hiyo inaenda wapi. Nikamwambia inaenda mpakani, halafu baharini, halafu inchi za mbali. Nkambo, aliyekuwa amefumba macho kama mtu anayelala, akasema: «Inatoka tangu miye mutoto. Na haiishe.»

Tuliposhuka, mto ulikuwa umepungua kama kawaida ya kipwa. Maji yalipita polepole, rangi ya chai, na mchanga ulionekana pembeni. Wamama walikuwa wanafua, vijana wanaosha pikipiki. Foto ya kilalo sikupiga. Mnajua wenyewe, kwetu foto ya kilalo inaweza kukuletea maneno mengi. Nkambo alitafuta mti wenye kivuli, akawakalisha watoto, akaniangalia: «We uko na masomo. Anza na ya zamani. Miye nitasema ya kwangu.»

Basi nilianza na ya zamani, na hapa nawaandikia nilivyowaeleza, na kidogo zaidi.

Kabla ya kilalo chochote, bonde hili la Lufira lilijulikana mbali kwa vitu viwili: shaba na chumvi. Shaba ilikuwa ya Basanga na jirani zao. Wakati wa kipwa walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwenye tanuru za udongo, wakamimina misalaba iliyotembea kama pesa hadi mbali sana na hapa. Walijua kusoma ardhi kabla mtu yeyote hajawaletea jiolojia. Kuna mmea mdogo, sisi wa agronomia tunafundishwa jina lake la Kilatini, Haumaniastrum katangense, unaopenda kuota penye udongo wa shaba. Tunapokariri jina hilo kwa ajili ya mtihani, tunasahau kwamba wapo waliousoma mmea huo bila Kilatini.

Chumvi nayo ilitoka Mwashya, kwenye chemchemi za maji ya chumvi katika bonde hilihili. Kwa watu walio mbali na bahari, chumvi si kiungo tu. Ni utajiri. Kwa chumvi unapata jembe, mbuzi, hata urafiki wa chifu. Ndiyo maana Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19 na kujenga utawala wake Bunkeya, hakuliacha bonde hili. Misafara yake ilipeleka shaba na pembe za ndovu hadi pwani mbili, ya mashariki na ya magharibi. Na Kiswahili hiki ninachokuandikia kilianza kusikika huku kwa njia za misafara ya namna hiyo, kabla hakijaenea kwa nguvu zaidi kwenye makambi ya wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1891 Basanga waliasi dhidi ya Msiri. Mwaka huohuo, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold wa Pili. Nyuma yake alikuja mwanajiolojia Jules Cornet, akatembea inchi yetu na kuandika mawe yake. Maporomoko makubwa ya Lufira, kule Mwadingusha, wazungu waliyapa jina lake: chutes Cornet.

Binamu wa miaka 14 akauliza: «Na watu wa pale walikuwa wanayaitaje?» Nikamwambia Mwadingusha. «Basi jina lilikuwapo», akasema. Sikuwa na la kuongeza.

Kisha ikaja reli. Ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove. Angalia ramani: kati ya Lubumbashi na Kambove kuna Lufira. Bila kuuvuka mto huu hakuna reli, bila reli hakuna shaba inayotoka, na bila shaba inayotoka hakuna mji wetu. Mji wenyewe ulipewa jina la Jean Jadot, bwana mkubwa wa Union Minière, na tulibaki Jadotville hadi 1966.

Mto huu ulitoa kitu kingine tena. Kiwanda cha Shituru kilipoanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, kilihitaji umeme mwingi. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kikaanza kazi, na tambarare iliyokuwa nyuma yake ikafunikwa na maji. Hilo njo ziwa Tshangalele. Watu wengi wa Likasi wanafikiri ziwa lile liliumbwa na Mungu pamoja na mengine yote. Hapana, liliumbwa kwa ajili ya shaba. Na miaka 90 baadaye, kituo kilekile kimekarabatiwa, mashine zake sita zinatoa megawati 78 hivi, na sababu ya kukikarabati ilikuwa mgodi mpya wa shaba upande wa Kolwezi. Miye nimeandika nusu ya memwari yangu kwa mwanga wa mshumaa, mtoni kwetu pakiwa na umeme wa kutosha kuyeyusha mlima. Silaumu mtu. Nasema tu mto umefanya kazi sana, na si kwa ajili yetu.

Hapo nkambo akanyosha mkono kunizuia. «Sasa ya kwangu», akasema.

Wasomaji, mniruhusu kwanza niweke tarehe mahali pake, maana nkambo haongei kwa tarehe. Katanga ilijitangaza huru tarehe 11 Julai 1960, Tshombe akiwa rais wake. Septemba 1961 kompani moja ya askari wa Ayalandi, watu 150 na zaidi kidogo chini ya Komanda Pat Quinlan, waliletwa Jadotville na ONU. Tarehe 13 ONU ilianzisha operesheni kubwa Elisabethville, na siku hiyohiyo wale wa Jadotville wakashambuliwa. Msaada ulitumwa kutoka Elisabethville, mara mbili. Na mara zote mbili ulikwama hapa, kwenye kilalo cha Lufira, mbele ya bunduki za majandarme na mamluki, na ile ndege juu. Baadhi ya askari wa Kihindi walikufa hapa. Quinlan na watu wake, bila maji na bila risasi, wakanyosha mikono tarehe 17. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Usiku huo Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, akafa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola, akienda kuongea na Tshombe. Filamu inaishia hapo hivi. Kwetu haikuishia hapo.

Mwisho wa Desemba 1962 ONU ilianza operesheni nyingine, na jeshi la Kihindi likaja tena kwa barabara hii. Safari hii waliokuwa wanakimbia walilipua vilalo vya Lufira, cha barabara na cha reli. Wahindi wakauvuka mto hata hivyo, tarehe 1 Januari 1963, na tarehe 3 wakaingia Jadotville. Kabla ya mwezi kwisha, Katanga ya Tshombe ilikuwa imekwisha.

Sasa ya nkambo. Nayaandika kama alivyoyasema.

«Baba yangu alikuwa anatumika Elisabethville. Siye na mama tulikuwa Jadotville. Alikuwa anarudiaka na treni, mwisho wa mwezi. Vita ya kwanza, ile ya Bairlandais, tulikalaka chini ya kitanda. Ndeke ikipita, mama anatufunika na mwili yake, kama vile mwili ya mama inaweza kusimamisha risasi. Ikaisha. Baba akarudia. Kisha ile ya pili. Baba alituma neno: nitakuya kula Bonane na ninyi. Mama akatafuta kuku. Usiku moja tukasikia banasema kilalo kimeruka. Bonane ya 1963 tulikula bila baba. Ile kuku mama hakuichinja.

«Kisha basoda ba ONU bakaingia mu mji. Siku zikapita, baba hapana. Mama akasema: tunaenda ku mayi. Tukatembea na miguu, siku mbili, na mvua. Tukafika hapa. Bantu balikuwa mingi, ngambo hii na ngambo ile. Na unajua balikuwa banafanya nini? Balikuwa banaita majina. Mutu anasimama pale, anaweka mikono ku kinywa, anaita jina ya mutu yake. Ngambo ile bananyamaza, banasikiliza. Kama mutu eko, anajibu. Kama haiko, mwingine anaita ya kwake. Tulikalaka hapa siku tatu. Mama aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha akanisukuma: we ita. Njo nikaita.»

Nkambo alinyamaza hapo. Mmoja wa mapacha akauliza: «Nkambo, nani alishinda ile vita?»

«Mwanangu, miye sikuwa nangojea mushindi. Nilikuwa nangojea baba.»

Siku ya tatu, jioni, sauti ilijibu.

Mto ulikuwa umejaa, mnajua Januari ya kwetu. Askari walikuwa na njia yao. Raia walikuwa na bwato, na mwenye bwato alikuwa mvuvi mmoja wa hapa. Alivuka na watu wawili wawili, akipigana na maji, na giza likiingia. Alipomfikisha baba ya nkambo ng'ambo hii, baba akatoa mfukoni pesa aliyokuwa nayo, noti za Katanga, zile za Tshombe. Mvuvi akaziangalia na kucheka. «Hii kesho ni karatasi», akasema. Baba akavua saa. Mvuvi akakataa na saa pia. Maduka yalikuwa yamefungwa, barabara imekatika, na watu wa mtoni walikuwa wanakula bukari na samaki bila chumvi wiki nzima. «Siku kilalo kitapona», akasema, «uniletee chumvi.»

Fikirini kidogo. Bonde lililokuwa likitoa chumvi na kuwatajirisha machifu, sasa linaomba chumvi ya dukani.

Kilalo kilipotengenezwa, baba ya nkambo alileta chumvi. Mwaka uliofuata akaleta tena, ingawa deni lilikuwa limekwisha. Alipokufa, nkambo akaendelea. Miaka alipokuwa na mshahara alileta mfuko mzima. Miaka ambayo mshahara haukuja, na ilikuwa mingi, alileta kopo moja. Miaka miwili hakufika kabisa, na mpaka leo anaitaja kama mtu anayetaja dhambi. Sisi wote tulifikiri nkambo anaenda Lufira kununua samaki kwa bei nzuri.

Alipomaliza, akanyanyuka na kushika fimbo yake. Akamwambia kadogo abebe mfuko mmoja wa chumvi, mapacha mmoja mmoja, na binamu miwili. Tukapanda hadi barabarani, kwenye vibanda vya majani wanapouza makala na samaki. Binti ya yule mvuvi yuko pale. Naye ni mzee sasa. Alipomwona nkambo aliinama kidogo akipiga makofi taratibu, kama wazee wetu wanavyosalimia, na nkambo naye akafanya vilevile. «Dada», akamwita. Miye sikuwahi kumsikia akimwita mtu dada kwa sauti ile.

Watoto wakatoa chumvi, kila mmoja kwa mikono miwili. Mama yule alimwuliza kila mmoja jina lake na jina la mama yake, akayarudia, kama mwalimu anayeandika kwenye rejista. Kisha akasema hatuwezi kuondoka bila kula. Akasonga bukari. Akatoa samaki wakubwa wawili wabichi na kisahani cha wadogo waliokaushwa.

— Ni ya ziwa, akasema. Mwanangu aliileta jana.

Hapa naomba niongee nanyi kama agronomu, na pia kama mtu aliyeona haya.

Ziwa analosema ni Tshangalele. Na maji ya upande wa Likasi, yaliyopita kwenye viwanda vyetu vya metali kwa karibu miaka 100, mwishowe yanateremkia huko. Watafiti wameshapima: shaba, kobalti na metali nyingine zimo kwenye maji, kwenye tope la chini, na kwenye samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta kwenye mkojo wao ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwa watoto zaidi. Memwari yangu mwenyewe ilikuwa juu ya lengalenga kwenye bustani za namna hiyo. Najua jani linavyoweza kuonekana zuri, kijani kabisa, huku limebeba kitu ambacho jicho halioni.

Kwa hiyo nilikaa mbele ya ile sahani, na watoto wanne wa dada na shangazi zangu wananiangalia kuona kama nitaanza. Kichwani nilikuwa nahesabu: kadogo ana kilo ngapi, samaki huyu ana ukubwa gani. Nilifikiri kusema watoto wana tumbo. Nilifikiri kusema tumeshiba kandolo. Nkambo alichukua tonge lake, akachovya, akala, na macho yake hayakuniacha.

Nikala. Watoto wakala wale wakubwa, nyama tu. Wale wadogo waliokaushwa niliwasogeza upande wangu, nikawamaliza mwenyewe, nikijifanya ninawapenda sana. Mama yule alifurahi, akasema huyu msomi anakula kama mvuvi.

Tuliporudi bisi ilikuwa imejaa, tulisimama nusu ya safari. Mapacha walilala wakiegemeana. Nkambo aliyepewa kiti alinivuta mkono nimsogelee.

— Nilikuona, akasema. Ulikuwa naogopa ile samaki.
— Ndiyo, nkambo. Ju ya batoto.
— Na bana bake?

Sikujibu. Mpaka tunafika Likasi sikuwa na jibu, na mpaka leo ninapoandika silipendi jibu nililonalo. Maana ni kweli: hofu yangu ilikuwa ya siku moja, na ilikuwa juu ya watoto wetu. Wa kwake wanakula ile samaki Jumatatu, Jumanne, na siku zote. Babu yao aliingia kwenye mto uliojaa, usiku, kumchukua mtu asiyemjua. Miye niko na diploma inayosema ninajua udongo, maji na chakula, nikakaa kwake, nikala kwake, na nikanyamaza kwa sababu ya adabu.

Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu. Sikwenda kumwambia aache samaki. Atakula nini, atauza nini? Nilimwambia ninayoyajua na yasiyogharimu pesa. Metali hukaa zaidi kwenye ini, matumbo na mashavu kuliko kwenye nyama, kwa hiyo vitolewe vyote na kutupwa, hata kama supu inavitaka. Wale wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao ndio wa kupunguza kwanza, hasa kwa watoto na kwa wenye mimba. Samaki wa mto wa juu wasichanganywe na wa ziwa kwenye ndoo moja, ili mtu ajue anachokula. Na bustani isimwagiliwe na maji ya vijito vinavyotoka upande wa viwanda. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza: «Tangu lini munajua hii?» Nikamwambia mwaka wa utafiti ule. Akahesabu kwa vidole, taratibu. «Basi mulikawia», akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesema bisi imekawia.

Nimemwomba mwenzangu wa promosyon, ambaye sasa ni asistanti kwenye fakilte, tutafute namna ya kupima samaki na udongo wa pale, na kumrudishia mama yule matokeo kwa Kiswahili, mkononi mwake, si kwenye jarida tu. Atakayeweza kutusaidia kwa maabara au kwa ushauri, aniandikie.

Na ninyi mnaosoma hapa, niko na ombi moja. Wale waliokuwa na miaka 12 mwaka 1961 wanapungua kila kipwa. Historia ya askari wa Ayalandi imeandikwa, na mwaka 2017 inchi yao iliwapa medali, nao walistahili. Lakini majina yaliyoitwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo mwezi wa Januari 1963 hayako kwenye kitabu chochote nilichosoma. Yako kwenye vyumba vya nyuma, karibu na majiko yetu. Nenda ukae, uulize, uandike. Usisubiri wakuombe ununue chumvi.

Tutarudi Lufira baada ya Bonane, mvua zikiruhusu. Nkambo anasema magoti yake hayaahidi kitu. Kadogo amesema safari hii mifuko yote mitano ataibeba yeye.